Mapigo Mia Mbili na Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi! Miezi minane tangu nijifungue, na leo nimepanda tena ngazi za chumba cha Ustadhi, juu ya duka la vioo. Tambura mgongoni. Maziwa yamejaa. Blauzi nimeivaa ndani nje na hakuna aliyeniambia. Nimegundua nyumbani, lebo inaning'inia chini ya kidevu.

Niandike mambo yalivyo, maana kichwa changu siku hizi ni chujio.

Ustadhi ni mwalimu wangu, mwaka wa saba sasa. Anapiga sitar, lile gitaa refu la Kihindi, na kuimba muziki wa kale wa kaskazini ya India, ule ambao sauti moja hubembelezwa robo saa kabla ya ya pili kuruhusiwa kuingia. Mimi napiga tambura. Waya nne, mwanzo hadi mwisho ni zilezile: tuuun, tuuun, tuuun, tuuun. Tambura haina wimbo. Ni kama ukuta wa nyumba. Mgeni hausifu, lakini uondoe uone paa litashikwa na nani.

Sasa Ustadhi ameungana na mpiga piano kutoka ng'ambo. Huyu naye ana noti tano. Tano! Anazirudia, anazirudia, anazirudia, halafu baada ya dakika nne anabadilisha moja na kututazama kama mtu aliyezaa mapacha. Mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za viganja, amembatiza Bwana Marudio. Wanatengeneza onyesho moja la pamoja, saa nzima bila kusimama, Jumapili ya tarehe kumi na sita.

Tatizo ni jukwaa. Piano imemeza nusu yake. Nafasi ya tambura imebaki moja, na wakati mimi nalea, imekaliwa na Shingo.

Shingo ni mwanafunzi mwenzangu. Jina analo, silitaki humu. Shingo ndefu, kucha safi, hana mtoto, hulala mpaka saa tatu asubuhi. Ustadhi amesema atatusikiliza sote wawili, na atakayekaa siku ile ndiye atakayekaa naye siku zote, yeye amechoka kubadilisha watu kama soksi. Shingo akanikumbatia. Akasema pole dada mkubwa, umepungua.

Nimeongezeka kilo tisa.

Nafasi ile ni yangu. Kabla ya Bosi (mwanangu, anatawala nyumba nzima kwa makelele) nilikuwa mtu. Nikishika tambura bado ni mtu. Kwingine kote ni kitambaa cha kufutia mate. Siachi.

Jumanne, 4 Machi

Mabango yametoka. Jina la Ustadhi, kubwa. Jina la Marudio, kubwa. Mpiga tabla, wastani. Halafu: "Tambura", na mbele yake vinukta tu, mstari mzima. Nimesimama mbele ya bango nikavihesabu. Kumi na tisa. Jina langu linaingia vizuri kabisa. La Shingo litabanana.

Mama mkwe amekubali kukaa na Bosi saa za mazoezi. Mjukuu wake humwita "mume wangu", na mimi mke mwenzake. Leo kanikabidhi mtoto akasema mume wangu hajala vizuri, huyu mke mwenzangu anampa uji mzito kama saruji. Nimemshukuru. Ninamhitaji mpaka tarehe kumi na sita.

Nimepata mpango. Kwenye tambura, pale waya unapolalia daraja la mfupa, chini ya kila waya hupenyezwa kipande cha uzi wa pamba, uzi wa kushonea tu. Ndio unaofanya waya uvume kama nyuki ndani ya mtungi. Toa uzi, waya unasema tin na kunyamaza, kama sufuria iliyogongwa.

Shingo huacha tambura yake kule kule chumbani. Huwa nafika wa kwanza. Tayari nimekwisha kuomba msamaha kwa Mungu, nimemaliza hilo.

Jumatano, 5 Machi

Nyuzi nne nimezitoa. Sekunde ishirini. Nimeziweka mfuko wa sketi.

Zamu ya Shingo ikafika. Tin. Tin. Tin. Tin. Moyo wangu ukacheza ngoma. Ustadhi akafumbua macho, akakunja uso. Nikajiandaa kuonyesha huruma.

Marudio akasimama! Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Akasema ni safi, ni tupu, ni kama chumba ambacho watu wamehama jana. Kwa mara ya kwanza, alisema, noti zake zimepata hewa. Akampa Shingo mkono. Shingo akainamisha ile shingo na kupokea, kana kwamba alikesha akilitafakari jambo hilo.

Halafu Marudio akageuka na kusema, na tambura ya dada huyu nayo itolewe nyuzi.

Ustadhi akawaka. Tambura bila uzi ni mtu bila pua, alisema. Mwalimu wake angefufuka kwa ajili ya kumzaba kofi. Marudio akajibu kwamba mvumo ule unazifunika noti zake kama inzi kwenye keki. Ustadhi akauliza noti zipi, hizo tano? Mpiga tabla alikuwa anamenya chungwa. Akasema kwa faida ya wote kwamba ni nne, ya tano ni ya kwanza imerudi.

Wameachana bila kupeana mikono. Onyesho halijulikani lipo au halipo.

Nyumbani nimemkuta Bosi ananyonya uzi mmoja, kauchomoa kwenye sketi yangu. Nimeutoa kooni kwa kidole. Nyuzi tatu zimebaki za kumrudishia Shingo, siku nikipata ujasiri.

Alhamisi, 6 Machi

Bila onyesho hakuna nafasi. Nimelikata tawi nililokalia, tena kwa meno.

Nimewaza kukiri. Nimewaza dakika nzima.

Nikafanya hivi. Kwenye tambura yangu waya mbili nimeziachia uzi, mbili nimezitoa. Nikapiga bila kusema neno. Tuuun, tin, tuuun, tin. Ustadhi akasikia zinazovuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mgeni ameona aibu akarudi kwenye adabu. Marudio akasikia zilizo tupu, akaninong'oneza kwamba mzee ameelewa hatimaye. Kila mmoja kashinda! Na nisiseme uongo, mlio wenyewe ni mzuri. Kama mtu anayepumua ndani ya chumba kitupu. Nilisahau kwa muda kwamba nilikuwa nafanya ujanja.

Shingo pekee ndiye aliyekuwa anatazama daraja la tambura yangu. Amejipinda tu akatabasamu, na kwa shingo kama ile tabasamu huchukua muda kufika.

Ijumaa, 7 Machi

Leo wamegombana juu ya hesabu.

Tabla inazunguka mapigo kumi na sita. Piano ya Marudio inazunguka kumi na tano. Wanaanza pamoja, wanaachana, kila mmoja anakwenda zake kama mume na mke walionuniana, na wanakutana tena mlangoni baada ya mapigo mia mbili na arobaini. Dakika nne. Hapo ndipo Ustadhi anapanda sauti moja juu, na Marudio anafunua ukurasa na kubadilisha noti. Kurasa kumi na tano, saa nzima.

Lakini wanapishana. Marudio anasema tabla imechelewa. Mpiga tabla anasema yeye hajachelewa tangu azaliwe, na hata huko alikuja wiki mbili mapema. Ustadhi akasema anatakiwa mtu wa kuhesabu asiye wa huyu wala wa yule.

Tambura haifuati mapigo. Inavuma tu, haina upande. Mkono wangu ukainuka kabla akili haijashauriwa. Nikasema mimi nitahesabu, na kila wakikutana nitainamisha kichwa mara moja. Nikaongeza kwamba hesabu ni kipaji cha ukoo wetu.

Shuleni niliwahi kupata alama ambayo baba alikuwa anawaonyesha wageni kama onyo.

Lakini fikiria! Mwenye kuhesabu habadilishwi. Shingo anaweza kuvuma. Anaweza kuhesabu? Kazi kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi ya nyumbani, baada ya chakula cha mchana. Nampigapiga Bosi mgongoni alale, huku nahesabu. Kazi mbili kwa mkono mmoja. Mia na themanini, kalala. Mia na tisini, nimelala.

Baba Bosi (fundi wa lifti, maneno yake kwa siku hayazidi ishirini) amerudi akatukuta wote wawili mkekani. Anasema mkono wangu ulikuwa unaendelea kumpigapiga mtoto kama waipa ya gari. Mimi nakoroma, mkono upo kazini. Kasimama akautazama, kasema, kama robo saa.

Nimemwambia jambo hilo lisitoke humu ndani. Akasema analitoa kwa nani, kwa lifti?

Jumatatu, 10 Machi

Goti la mama mkwe limevimba. Mume wake leo abaki na mkewe mwingine, kasema, yaani mimi. Na Ustadhi ana sheria moja tangu enzi: mtoto haingii chumba cha mazoezi.

Lakini boksi la tambura ni refu, pana upande mmoja, na ndani lina sponji na kitambaa laini kushinda godoro letu. Nimetoa tambura. Nimeweka Bosi. Kifuniko wazi, upande wa ukutani, nyuma ya piano. Akanitazama kwa yale macho yake. Nimembusu kisigino, nimemwambia ukitoa sauti nitakupeleka kwa bibi yako na goti lake. Akaelewa.

Marudio akaanza. Noti tano, noti tano, noti tano. Kimya. Dakika kumi, kimya. Bosi, ambaye nyumbani hawezi kuvumilia hata mlango ufungwe! Nimehesabu mizunguko mitatu bila kosa.

Halafu waya wa sitar ukakatika. Marudio akaacha kupiga. Ustadhi akaenda kwenye boksi langu kutafuta waya wa akiba.

Bosi alilia hata fundi wa vioo chini akaacha kukata. Ustadhi akarudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Akasema binti, boksi lako limezaa.

Nilikuwa nimekwisha. Nikaanza kukusanya vitu. Lakini Marudio akapiga tena zile noti tano, taratibu tu, na Bosi akanyamaza. Akaacha, Bosi akalia. Akapiga, Bosi kimya, anatazama dari kama mzee wa mahakama. Marudio akarudia mara nne, kisha akafuta macho. Katika maisha yake yote, alisema, watu wamelia alipopiga. Huyu ndiye wa kwanza kulia alipoacha.

Ustadhi amelegeza sheria. Bosi atabaki na baba yake siku ya onyesho, lakini mazoezini aruhusiwe, kwenye boksi.

Shingo alimbeba akampangusa pua kwa kitambaa chake mwenyewe cheupe. Anajipendekeza. Nimemwona.

Jumanne, 11 Machi

Mpango mkubwa kuliko yote. Umeingia wenyewe saa kumi na moja alfajiri, Bosi ananing'ata.

Muziki wa Ustadhi una saa zake. Kuna wa jioni, kuna wa mvua, na huu aliouchagua ni wa alfajiri. Onyesho lipo saa kumi alasiri! Kwa hiyo leo nikamuuliza kwa unyenyekevu, nikimmiminia chai, eti mwalimu wake marehemu angesemaje akisikia sauti za alfajiri zinapigwa watu wameshiba wali. Kikombe kikasimama hewani.

Kufikia saa sita limepitishwa. Onyesho saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza dirishani. Marudio, ambaye huamka adhuhuri, alikaa kwenye ngazi kwa muda mrefu akishika kichwa. Mpiga tabla akauliza kama kifungua kinywa kinatolewa.

Na Shingo! Shingo wa saa tatu! Amebadilika rangi. Mimi alfajiri ni ofisi yangu. Miezi minane sijakosa hata siku moja kazini.

Nimecheka peke yangu njia nzima. Watu wamenipisha.

Alhamisi, 13 Machi

Shingo ameanza kulala saa mbili usiku. Anaamka saa kumi na moja, anakunywa maji ya ndimu, anatembea. Amenishukuru! Kasema dada mkubwa, wazo lako limenifungua, najisikia mtu mpya. Ngozi inang'aa kama sahani.

Bosi anaota jino. Usiku wa tatu huu sijafumba jicho. Asubuhi nimeweka simu kwenye friji na siagi kwenye mkoba. Siagi ikapigiwa simu na Ustadhi, haikupokea.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, hilo nalijua. Lakini mimi bado niko ukingoni. Naning'inia.

Jumamosi, 15 Machi

Ustadhi ametamka. Nafasi ni yangu kwa sababu nahesabu. Nikikosea hata mara moja, Shingo anaichukua na haitarudi. Shingo akasema sawa mwalimu, mimi nitakaa mstari wa mbele. Akanitazama. Akaniambia, dada mkubwa, jaribu kulala leo, macho yako yamekwenda ndani kama mboga kwenye maji moto.

Mambo yake! Nilale ili nichelewe? Niliijua hila hiyo kabla hajazaliwa. (Kanizidi miezi miwili.)

Baba Bosi naye kasema atabaki na mtoto usiku, nilale chumba cha pili. Nimekataa. Jino ni jambo la mama. Tena nina mpango: nitahesabu mia mbili na arobaini mpaka kuche, ziingie kwenye damu.

Jumapili, 16 Machi

Nitaandika haraka kabla aibu haijakauka.

Ukumbi umejaa kwa kadiri yake. Watu arobaini na mmoja, Bosi akiwemo, na baba yake mstari wa nyuma. Dirisha kubwa nyuma yangu. Mtandio mzuri kichwani, tambura begani, uzi kwenye waya mbili, waya mbili tupu. Bango mlangoni, na mbele ya neno tambura vinukta vilevile. Mlinzi wa ukumbi amesema jina litaandikwa baada ya onyesho, kwa kalamu, akiambiwa.

Tukaanza. Mia mbili na arobaini. Kichwa chini. Ustadhi akapanda, Marudio akafunua ukurasa. Nikasikia raha mwili mzima. Tena mia mbili na arobaini. Kichwa chini. Barabara! Dakika nane, makosa hakuna.

Halafu jua likachomoza. Likanikaa mgongoni kama mkono wa mama. Tuuun, tin. Noti tano. Tuuun, tin. Noti tano. Nakumbuka mia na themanini. Mia na tisini nadhani niliiona kwa mbali.

Kilichofuata nimesimuliwa na Baba Bosi, ambaye leo ametumia maneno ya mwezi mzima.

Mtandio ukashuka usoni. Kichwa kikadondoka. Ustadhi akapanda sauti. Kichwa kikainuka, kikadondoka. Ustadhi akapanda nyingine, Marudio akafunua. Kikadondoka mara mbili kwa mpigo! Marudio akafunua kurasa mbili, macho yamemtoka. Mpiga tabla jasho linamwagika, anakimbia kama aliyefukuzwa na mbwa. Mara dakika mbili hakuna kitu, wote wananikodolea macho, wanangoja, wanazunguka, ukumbi umeshika pumzi. Halafu kichwa, pwaa! Hata mwanamke mmoja mstari wa tatu akapiga ukelele.

Ukurasa wa kumi na tano ulikwisha dakika ya kumi na tisa. Onyesho la saa nzima! Wakanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufunua. Tambura peke yake ikabaki. Tuuun, tin. Tuuun, tin. Dakika nzima nyingine, nikiwa usingizini. Kisha Bosi akalia kutoka nyuma, nikashtuka, mkono ukasimama.

Makofi! Watu wamesimama! Waliochelewa dakika ishirini walikuta watu wanafuta machozi, wakauliza nani amefariki.

Marudio alinipigia magoti. Alisema miaka thelathini anahesabu na leo ndiyo mara ya kwanza hajui kitakachotokea. Mpiga tabla akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina jambo naye.

Shingo akaja. Nikajikaza. Akaniinamia sikioni akasema dada mkubwa, umekoroma, lakini hukutoka kwenye sauti. Akanifungua kiganja, akaweka kitu. Kipande cha uzi wa pamba, mwekundu. Zake nilizotoa sijamrudishia hata mmoja, na wa nne uliishia mdomoni mwa Bosi; yeye alinunua mpya zamani, na huo ni wa akiba. Akasema anajua tangu siku ile ya Jumatano, nyuzi nyekundu zilikuwa zinachungulia kwenye mfuko wa sketi yangu, na tambura yangu hutumia nyeupe. Kwa nini hakusema? Kasema Marudio alimsifu. Hajawahi kusifiwa na mtu tangu aanze. Akakaa kimya azifaidi sifa zile.

Nikaufunga ule uzi kidoleni, nikamwomba msamaha. Jambo geni kwangu.

Kisha Ustadhi. Alinipeleka dirishani. Akaniuliza umelala lini mara ya mwisho, mwanangu. Nikasema jana. Akanitazama. Nikasema Jumatatu.

Akasema yeye aliimba macho yamefumba, akifumbua kwa ajili ya kichwa changu tu, na alijua nimelala tangu mdondoko wa nne. Angeweza kusimama. Lakini aliisikia tambura. Haikuruka waya hata mmoja. Wanafunzi wake wengi, alisema, wako macho na mikono yao imelala. Wangu umekuwa kinyume. Mkono kama huo haufundishwi, unatengenezwa na mtoto anayelia.

Nililia kidogo. Ni uchovu tu.

Nafasi ni yangu, kasema, kwa masharti mawili. Kwanza, nimweleze Marudio ukweli, mimi mwenyewe, kabla hajaandika kitabu juu ya jambo hili. Pili, kila usiku wa kuamkia onyesho nipate usingizi wa saa nane nzima, na baba mtoto akae na mtoto. Nimeapa kwa yote mawili. Nimeapa kwa moyo mmoja! Mlinzi wa ukumbi akachukua kalamu, akaandika jina langu juu ya vinukta. Limeingia vizuri kabisa, kama nilivyosema.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa Marudio kusema ukweli. Sentensi nimeifanyia mazoezi njia nzima: bwana, nilisinzia. Maneno mawili, mtoto wa chekechea angeweza.

Kafungua mlango kabla sijabisha. Ukutani kabandika karatasi ndefu kama shuka. Kumbe onyesho alilirekodi; kausikiliza upya mkanda, kaandika kila nilipodondosha kichwa, dakika na sekunde. Ameona mpango ndani yake! Ameona umbo! Anasema ni hesabu ambayo haijawahi kufikiriwa ng'ambo, na tumealikwa kurudia onyesho tarehe thelathini, ukumbi mkubwa, watu mia tatu. Bango jipya tayari. Jina la Ustadhi, kubwa. La kwake, kubwa. Langu, kubwa. Saizi moja! Nimelipima kwa vidole.

Akaniuliza nimejifunzia wapi.

Nikafungua mdomo. Nikasema kwa bibi.

Sasa natakiwa kudondosha kichwa mahali palepale, kwa sekunde zilezile, mara kumi na tatu. Kuyakariri siwezi, nimejaribu, nilipofika la tatu nilisahau la kwanza. Lakini kuna njia. Kilichofanyika mara moja hufanyika mara mbili. Nisilale siku tano. Jua mgongoni. Mtandio uleule. Mwili utafanya wenyewe. Ustadhi hahitaji kujua, yeye atafumba macho.

Shingo nimemwambia, nikamwapisha. Kacheka mpaka shingo ikajikunja. Atakaa mstari wa mbele na kunirushia punje ya dengu nikipitiliza. Nilimdhania vibaya, ni mtu wa maana sana.

Kikwazo ni kimoja. Jino limetoka. Jana Bosi amelala saa moja jioni akaamka saa moja asubuhi, na mimi vilevile, Baba Bosi hakutuamsha. Saa kumi na mbili mfululizo! Nimeamka kichwa chepesi, macho yanaona mpaka kwa jirani. Sijawahi kuwa mzima hivi tangu nizae. Balaa tupu.

Nimemwinua mwanangu, nimembusu kisigino, nimemwambia kwa upole lakini bila mchezo: baba, jino la pili linatoka lini? Tuna siku kumi na moja.